Bata Wenye Adabu

Nimekuwa nikiandika riwaya kwa miaka minne sasa. Kaunta buku tatu zimejaa, ya nne iko nusu. Mhusika wangu mkuu ni mlinzi wa usiku, na kila mshikaji ninayempa asome hapa kijiweni hunirudishia neno moja: "Bwana, huyu mlinzi wako kazidi. Mwizi akikohoa ng'ambo ya ukuta, yeye kashajua kavaa shati la rangi gani!" Mimi hujitetea kwamba hiyo ndiyo sanaa. Uongo mtupu. Ninajua vizuri kwa nini mlinzi yule anaona kila kitu, na nimeona nisipoyatoa hapa mbele yako, ndugu msomaji, sura ya saba haitaandikika kamwe.

Kisa chenyewe kinahusu gemu la bata.

Waliokulia uswahilini wataikumbuka ile mashine. Kidude chepesi cha Kichina, ukikibeba unadhani ndani hamna kitu, pedi mbili, kanda moja ya njano, na bastola nyeusi ya plastiki yenye waya kwenye mpini. Unachomeka kwenye TV, basi. Juu ya kanda wameandika gemu kwa maelfu. Ukiwa na subira ya kuzihesabu utakuta ni chache tu, zilizobaki ni zilezile zimebadilishiwa majina. Kwa kweli mashine nzima ilikuwa ya kuigiza. Yenye asili ni ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyotoka mwaka 1983, na gemu la bata, Duck Hunt, lilifuata mwaka 1984. Sisi wa Vingunguti hayo hatukuyajua na tusingeyajali. Baba aliinunua Kariakoo, Idi ya mwaka 2012. Mimi nilikuwa na miaka 11, niko darasa la tano, na kwa wiki nzima uani kwetu palikuwa na foleni kuliko ya bombani.

Gemu lenyewe ni rahisi. Kuna nyasi, kuna mti, kuna anga la bluu. Mbwa anakuja ananusanusa, anachupa nyasini, bata anaruka. Una risasi tatu. Ukimpata, anaporomoka kama embe bivu. Ukimkosa, mbwa anainuka kwenye nyasi, kajiziba mdomo, anakucheka. Raundi moja ni bata 10, na mwanzoni usipofikisha 6 imekula kwako. Sijui ni watoto wangapi duniani wametamani kumpiga mbwa yule risasi. Mimi nimempiga mara mia. Hapigiki.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala moja kule Barabara ya Nyerere. Alitoka nyumbani saa kumi na moja jioni, akarudi saa moja asubuhi wakati mama anaepua vitumbua vya mwisho. Kazini alikuwa na bunduki, shotigani, lakini bunduki ile haikufika kwetu hata siku moja. Aliichukua ofisini jioni na kuirudisha asubuhi. Nimemwona nayo mara moja tu, mwezi wa Ramadhani, nilipotumwa kumpelekea futari. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki getini, ameilaza mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake ambebee kidogo. Sijawahi kusikia kwamba aliipiga.

Ila shabaha alikuwa nayo, au ndivyo tulivyoambiwa. Alizaliwa Liwale, na babu alikuwa na gobore la kulindia shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Baba akaja akapitia mgambo. Hadithi za shabaha yake tulizijua kwa moyo. Kwa hiyo ile bastola ya plastiki aliiwekea sheria kama ya kweli. Siku mdogo wangu alipomwelekezea mama, baba aliinyakua akaifungia kabatini siku tatu. "Bunduki hata ya mti haimwelekei mtu," alisema. Tukakoma.

Siku moja kifyatulio kikakwama, springi imetoka. Nikaipeleka kwa fundi wa TV mtaa wa pili. Alipoifungua nikabaki mdomo wazi. Nilitegemea nikute sijui nini mle ndani, taa, sumaku, kitu chochote cha kurusha. Kulikuwa na kioo kidogo kama cha tochi kwenye mtutu, na nyuma yake kijidude kidogo cha kuhisi mwanga. Basi. "Risasi inatokea wapi?" nikamuuliza. Fundi akacheka. "Hii haipigi kitu, dogo. Hii inaangalia."

Kumbe ndivyo. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata, na pale tu, panatokea kiboksi cheupe. Mtutu ukiona kwanza giza kisha mwanga, umepata. Usipouona mwanga, umekosa. Ukijaribu kuudanganya kwa kulenga balbu, kama sisi tulivyojaribu, haukubali, maana balbu haina ile giza ya kwanza. TV ya chogo huchora picha mpya mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo yote hayo yanapita wewe unaona kama kimulimuli tu. Baadaye, ukubwani, nilisoma kwamba zamani ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Marekani ilitengeneza mashine ya kulenga bata ambayo bunduki ndiyo iliyorusha mwanga, na bata ndiye aliyekuwa na jicho la kuupokea. Ilipokuja TV mambo yakageuka, kwa sababu kioo cha TV kinatoa tu, hakipokei. Jicho likahamia kwenye bunduki. Fundi wa Vingunguti hakunieleza yote hayo, lakini neno lake lilitosha, nami nilikimbia nyumbani kumwambia baba. Alikuwa anafunga kamba za buti aende kazini.

"Baba, ile bunduki ina jicho!"

"Afadhali yake," akasema, akaondoka.

Sikuelewa. Nilikuwa mtoto.

Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya TV ya analojia yalizimwa Dar es Salaam. Tanzania ndiyo ilitangulia hapa Afrika Mashariki. Asiye na king'amuzi aliamka na chenga, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Hela ya king'amuzi haikuwepo. TV yetu ikabaki haina kazi nyingine isipokuwa bata. Watu wazima wa nyumba ile walinuna. Mama alikosa tamthilia, baba akakosa taarifa ya habari, na kwa baba taarifa ya habari ilikuwa kama swala ya sita. Ndipo mchana mmoja wa Januari, saa tisa hivi, kaamka usingizini, hana cha kutazama, akasema: "Hebu lete hiyo bunduki yenye macho."

Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Fundi wa shabaha wa Liwale anacheza! Alishika kwa mikono miwili, akafumba jicho la kushoto, akatulia kabisa. Mbwa akachupa. Bata wa kwanza akatokea upande wa kulia, akapanda, akazunguka, akaenda zake. Baba hakufyatua hata moja. Mbwa akacheka. Wa pili, vilevile. Wa tatu alitokea katikati, baba akampiga kwa risasi moja, safi, hata bata hakupata muda wa kutapatapa. Watoto wakashangilia. Wa nne, kulia tena. "Baba, huyo kulia!" nikapiga kelele, naye akageuza kichwa chote, kichwa kizima, kama kuku anayesikiliza. Aliishia bata watatu kati ya kumi.

"Kioo chenu kidogo," akasema. Watoto wakatawanyika kwa heshima.

Nataka niseme jambo hapa juu ya yule mbwa. Nimesikia watu wakidai gemu za bunduki zinawafundisha watoto ukatili. Labda. Mimi sikujifunza kuua kitu. Nilichojifunza ni jinsi ya kumtazama baba yako anapochekwa na kitu ambacho huwezi kukipiga.

Akaendelea kucheza, kila siku nikirudi shule, kabla hajaondoka. Na mimi nikaanza kuona mambo. Kwanza, alibadilisha mkono. Baba si mtu wa mashoto, lakini baada ya wiki mbili alikuwa akishikia kushoto na kulengea jicho la kushoto. Pili, kiti. Sisi watoto tulisogea mpaka pua zikakaribia kioo. Yeye alirudi nyuma, kila siku hatua, mpaka waya wa bunduki ukakaza na mashine ikataka kuanguka kwenye stuli. "Mlinzi anakaa mbali apate kuona pote," alitueleza. Nje ya gemu pia nilianza kuona: anagonga fremu ya mlango kwa bega la kulia, anapiga teke ndoo iliyowekwa palepale miaka yote, na mara moja alikanyaga sahani ya vitumbua ambayo mama alikuwa ameiweka kando yake, akamgombeza mama kwa kuiweka njiani. Haikuwa njiani.

Mtoto wa miaka 11 anaweza kujua kitu bila kuwa na jina lake. Nilijua kwamba baba haoni vizuri upande wa kulia. Nilijua pia kwamba mlinzi asiyeona si mlinzi. Na nilijua kwamba yeye mwenyewe anajua. Nikajua la kufanya, na hilo ndilo ninaloliona aibu.

Katika gemu la bata mmoja mmoja, kuna siri. Mtu wa pili akishika pedi anaweza kumwongoza bata. Tuliigundua kwa bahati, mdogo wangu kaikalia pedi, tukashangaa bata anakwenda ovyo kama mlevi. Basi nikawa nakaa mkekani nyuma ya baba, pedi nimeificha chini ya shati. Bata akitokea kulia, namvuta. Polepole, ili asitambue. Namleta katikati, namchezesha palepale, mpaka baba anyanyue mtutu. Pa! Bata chini.

Ndani ya wiki moja baba akafika raundi ya saba. Watoto wakarudi mlangoni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kutazama. Baba akawa anacheka, anatusimulia upya ya Liwale, na jioni akifunga buti zake alikuwa anapiga mluzi. Nyumba nzima ilibadilika, nami nikajiona ndiye mwanamume wa kweli pale ndani, nimemwokoa baba yangu kwa kidole gumba.

"Bata wa siku hizi wana adabu," alisema siku moja. Mimi nikacheka na wenzangu.

Mwezi wa nane mwaka 2014, wakati najiandaa na mtihani wa darasa la saba, bajaji ilimgonga asubuhi akitoka kazini. Ilitokea kulia. Dereva aliapa kwamba alipiga honi na kwamba mzee alimtazama usoni kabisa halafu akaingia barabarani. Baba alivunjika mfupa wa bega, na hospitali walipomaliza kumfunga, daktari mmoja kijana, Mungu ambariki, hakuridhika. Akamwambia afunge jicho moja, aangalie pua yake yeye daktari, aseme vidole anaviona lini. Alivileta vidole kutoka kulia taratibu, taratibu, taratibu. Baba hakusema kitu. Vidole vilikuwa vimekaribia kumgusa pua.

Presha ya macho. Yule daktari alitueleza vizuri: mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, kwa kawaida pembeni ndiko kunakoanza. Hauumi. Jicho moja linalificha lingine, kwa hiyo mwenyewe anaweza kukaa miaka asigundue. Kilichokufa hakirudi, dawa ya matone ni ya kukilinda kilichobaki, na ni ya maisha. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha karibu lote. La kushoto lilibaki kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Nikaelewa kiti. Alikuwa akirudi nyuma ili TV yote ienee kwenye bomba.

Halafu daktari akatugeukia. "Nyumbani hamkuona dalili yoyote? Kugongagonga vitu, kukosa vitu vya pembeni?"

"Hatukuona, daktari," mama akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sare za shule. Nikatazama chini. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe, kimoja kimepasuka. Kutoka Januari 2013 hadi Agosti 2014 ni miezi 19. Sijui matone ya miezi 19 yangeokoa kiasi gani, na sijawahi kuthubutu kumwuliza daktari yeyote, maana ninaogopa atanijibu.

Yaliyofuata mtayakisia. Kazi ikaisha, alilipwa mwezi mmoja akaambiwa akapumzike. Vitumbua vya mama vikawa ndiyo mshahara wa nyumba. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018 na matokeo ya kumsikitisha kila mtu isipokuwa mwalimu wa Kiswahili. Sasa niko kwenye duka la fotokopi, na usiku naandika juu ya mlinzi anayeona kila kitu.

Mwaka 2022 nikapokea zamu yangu ya upatu, nikanunua TV bapa, inchi 32, na king'amuzi juu. Baba akaipapasa ubavuni akasema, "Chogo liko wapi?" Niliitafuta ile mashine ya bata uvunguni, nikaichomeka kwa mzaha. Picha ilikuja. Mbwa akaja. Lakini bunduki ilikuwa imekufa. Nilifyatua nikiwa nimeugusisha mtutu kwenye kioo, bata hana habari. Nikafuatilia, nikaelewa: TV bapa hupokea picha, huitengeneza kwanza, ndipo huionyesha, na hata ikionyesha haipigi mwali ule wa chogo. Ni kuchelewa kidogo mno, jicho la mtu halioni tofauti. Ila bunduki inauliza mara moja tu, tena kwa wakati wake. Mwanga ukija baadaye imeshaandika kwamba umekosa.

Baba alikuwa kwenye kochi, anamsikia mbwa akicheka.

"Huyo mjinga bado yuko hai?"

"Bado yupo, baba."

Akacheka sana. Nami sijui ni nini kilinipata, labda kile kicheko, nikajikuta nasema yote. Pedi chini ya shati, bata wa kulia, daktari, kigae kilichopasuka. Nilisema nikiwa nimeitazama TV, siyo yeye. Nilipomaliza palikuwa kimya, mbwa naye kanyamaza, gemu limeisha.

"Nilikuwa naisikia," akasema.

"Nini, baba?"

"Hiyo pedi yako. Tak, tak, tak, mgongoni kwangu. Mtu aliyekaa lindo miaka 14 hasikii panya?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba ni saa mbili na watu wamesahau dawa. Nikaleta kichupa. Baba akaegemeza kichwa kwenye kochi, akalifungua jicho la kushoto kwa vidole viwili, nami nikasimama juu yake, mkono unatetemeka kidogo.

"Lenga vizuri," akasema.

Tone la kwanza likaangukia shavuni.